Unga wa vitu kumi haunenepeshi mtoto

Juzi mama mmoja wa Bahi kaniandikia. Mtoto wake ana miezi 8, anakunywa uji wa lishe wenye mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa, lakini kila akienda kliniki mstari wa uzito kwenye kadi umelala. "Dada, niongeze nini tena?" Nilimwambia asiongeze kitu kwenye unga. Apunguze.

Kwenye hili nina mdomo. Mwanangu wa pili alipotimiza miezi 6, hapa hapa Nkuhungu, Dodoma, nilimwanzishia uji wa ulezi mtupu. Wifi yangu akazunguka kwa majirani akisema kaka yake kaoa bahili, mtoto analishwa kama yatima. Maneno yalinikuta kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na unga wangu kichwani. Sikumjibu. Ila nisiwafiche, mpaka leo akija nampikia chai nikapata kazi za uani. Mtoto mwenyewe alipanda kwenye kijani cha kadi mwezi kwa mwezi, na mwaka huu wifi huyo huyo, kapata mjukuu, kanipigia simu kuuliza ulezi naandaaje.

Sikilizeni. Mahindi, mtama, uwele, ngano, mchele, hivyo vyote ni wanga. Ukichanganya vitano hujampa mtoto vyakula vitano. Soya nayo isipoiva sawasawa inauzuia mwili kutumia protini, na wengi wanaikaanga juujuu. Karanga ikisagwa pamoja na nafaka, mafuta yake yanachacha upesi, na joto la Dodoma la Novemba mnalijua.

Halafu kuna sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu wa mkoa wetu na Manyara walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, kwa hiyo msinione mshamba nikikaa na ungo juani nachambua karanga moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, natupa. Usijidanganye kwamba moto utaiua: kukaanga hakuiondoi. Karanga zangu nasaga peke yake, kidogo kidogo, naweka kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Sasa siri yenyewe: uji wa mtoto uwe mzito. Ukiuchota ukae kwenye kijiko. Tumbo lake ni dogo, ukilijaza maji ya moto yenye rangi ya ulezi atashiba na hakuna alichokula. "Lakini dada, mzito haumezi." Ndiyo, hapo ndipo kimea kinapoingia. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika na kitambaa kibichi siku mbili mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, saga. Pika uji mzito wa kawaida, epua, upoe kidogo, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea, koroga. Utauona unalegea mbele ya macho yako, bila kuongeza hata tone la maji. Rudisha jikoni uchemke tena kidogo, basi. Wifi aliponiona mara ya kwanza aliondoka amenuna, akijua kimea ni cha pombe tu. Nikampikia togwa siku nyingine, akanywa vikombe vitatu.

Utajiri uutie sufuriani, siyo kwenye kiroba. Leo kijiko cha karanga iliyosagwa laini, kesho maziwa, keshokutwa yai lililoiva au dagaa waliotolewa vichwa na kusagwa. Tia mafuta kidogo. Ubuyu wetu huu tia unga wake wakati umeshaepua, maana moto unaharibu vitamini C, na vitamini hiyo ndiyo inayosaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye ulezi. Ila kitu kipya, mara ya kwanza, mpe hicho kimoja tu siku mbili tatu kabla ya kuanza kingine. Akitokwa na vipele utajua ni nini. Chumvi na sukari za nini? Asali usithubutu kabla ya mwaka mmoja.

Miezi 6 anza na vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku, ukipandisha taratibu mpaka nusu kikombe. Akifika miezi 9, mara tatu hadi nne, na asiishie kwenye uji: viazi lishe vilivyopondwa, boga, maharage yaliyochujwa maganda, mlenda na ugali laini wa uwele. Ziwa liendelee mpaka miaka 2.

Mnaowahi kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, alfajiri, nawaambia kwa upendo: uji wa saa kumi na moja asubuhi kwenye chupa ya chai siyo wa kunywewa jioni. Mfundishe dada wa kazi kupika, mwachie unga uliopimwa, rudi uulize amekula kiasi gani, siyo amelia mara ngapi. Tunapiga picha bakuli tunaweka status, mtoto hana habari na status. Na kama mnamlisha hivi na uzito bado haupandi, nendeni kwa mhudumu wa afya, kwa sababu uji hautibu homa wala minyoo.

Zabibu zetu zikifika msimu mpeni, lakini zikateni vipande vinne kwa urefu na kutoa mbegu. Karanga nzima asipewe mpaka avuke miaka 5, hata akililia.