Gereji ya Wasomaji: Tundu zimeingia, je rimu imekaa?

Mwezi huu barua za rimu zimenijia nyingi kuliko za injini, na karibu zote zina sentensi moja, "muuzaji aliniambia zinaingia". Zinaingia kweli. Tatizo linaanzia hapo.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Forester ya 2009, ilikuja na rimu za inchi 16 na tairi 215/65. Nikanunua rimu used za Japani inchi 17, tundu tano, PCD 100 (kipenyo cha duara la tundu za bolti, kwa milimita) kama ya gari langu, nikavalisha tairi 225/60. Nikiwa peke yangu iko poa ila nikipakia watu nyuma tairi linakwangua fenda, na kwenye mashimo usukani unaninyang'anya mkononi. Fundi mmoja kasema tukunje fenda kwa ndani, mwingine kasema niweke springi ngumu. Nimsikilize nani? Nimekutumia na picha ya mgongo wa rimu. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili kwanza, fenda iache kama ilivyo. Hiyo picha uliyotuma ndio imemaliza kesi. Nimeivuta nikasoma pale nyuma ya spoku, pamejaa vumbi la breki lakini maandishi yanaonekana, 17x8JJ ET35. Rimu za kiwandani za Forester yako za 16 ni 6.5JJ ET48. Sasa tuone hizo namba zina maana gani maana hapa ndipo watu wengi wanaliwa hela.

Namba iliyo kabla ya JJ ni upana wa rimu kwa inchi, unapimwa pale tairi linapokaa, sio ukingo hadi ukingo, na JJ yenyewe ni umbo la ukingo. ET ndio ofuseti yenyewe, herufi zimetoka kwenye neno la Kijerumani Einpresstiefe, na ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale kitako cha rimu kinapogusa habu, yaani kile kitovu cha gari rimu inapofungwa. ET ikiwa kubwa kitako kiko karibu na uso wa nje, kwa hiyo rimu yote inaingia ndani ya gari. ET ikipungua rimu inatoka nje, ikifika sifuri kitako kiko katikati kabisa, ikiwa hasi ndio zile gari unaona tairi zimetokeza kama mtu aliyetanua viwiko.

Chukua kalamu. Upana umeongezeka inchi 1.5, hiyo ni milimita 38, zinagawanyika 19 nje na 19 ndani. Halafu ET imeshuka kutoka 48 hadi 35, yaani rimu nzima imesogea nje milimita 13. Nje jumlisha, 19 na 13 ni 32. Ndani toa, 19 kasoro 13 ni 6. Kwa hiyo ukingo wa rimu yako umetoka nje milimita 32, zaidi ya sentimita tatu, na upande wa shokapu umesogea 6 tu. Na hapo hapo ukaongeza tairi refu, 225/60R17 ina kipenyo cha karibu milimita 702 wakati 215/65R16 ilikuwa 686, yani juu umepanda milimita 8 nyingine. Watu wawili wakikaa nyuma na begi lao, lazima likwangue.

Ila fenda ni kitu kidogo, mimi kinachoniuma ni beringi na usukani. Shika ndoo ya maji karibu na mwili wako, utatembea nayo mpaka nyumbani, halafu inyooshe mbele mkono umekakamaa uone bega litavumilia dakika ngapi, na maji ni yale yale. Beringi ya wili inafanyiwa hivyo hivyo, uzito wa gari haujabadilika ila umesogezwa mbali nayo. Na usukani nao, tairi la mbele linazunguka kwenye mhimili wake unaoshuka kupitia shokapu na boljointi mpaka chini barabarani, kiwandani wanapanga ule mhimili ufike chini jirani na katikati ya tairi. Ukilisogeza tairi nje, kila shimo linapiga mbali na mhimili na linapata nguvu ya kuugeuza usukani, ndio huko kunyang'anywa unakokusema. Kunja fenda, weka springi za chuma cha reli, hilo halitoki.

Cha kufanya, ziuze hizo, zina wateja wake. Tafuta 17x7 ET48 ya PCD 100, Forester za mwaka wako zilikuja nazo kiwandani, tairi 225/55R17 ambalo kipenyo chake ni 679, karibu sawa na la zamani. Hesabu yake ni milimita 6 nje na 6 ndani, basi. Na usije ukasema utafute 8JJ yenye ET48, maana hapo upande wa ndani zinaingia 19 badala ya 6 na shokapu iko pale inasubiri.

Na kama rimu haijaandikwa kitu usikubali kuambiwa "hii ni kama ile". Ilaze uso chini juu ya gunia, weka rula ndefu au ubapa wa mbao ulionyooka juu ya kingo za nyuma, pima kutoka kwenye ubao hadi kitako. Toa nusu ya upana wote wa ukingo hadi ukingo, jibu ndio ET. Rimu ya 8JJ ukingo hadi ukingo inakuwa kama inchi 9, milimita 229, nusu yake 114. Ukipima ukapata 149 basi ni ET35. Dakika tatu tu na tepu ya fundi seremala.

SWALI: Fundi habari za kazi. Rimu za Toyota Premio ni tundu tano PCD 100, na Impreza yangu ni tundu tano PCD 100. Mbona haziingii? – Dada wa Impreza, Arusha

JIBU: Nzuri dada. Tundu la katikati. Habu ya Subaru ni milimita 56.1 na tundu la kati la Premio ni 54.1, zimepishana milimita mbili tu ila chuma hakina huruma. Kuna watu wanapeleka kwa tona, fundi wa kukereza chuma, anapanua, inawezekana akiwa makini na katikati pabaki katikati. Ila ujue na nati, za Toyota uzi wake umeachana milimita 1.5 na za Subaru 1.25, zote M12, yaani bolti ya unene wa milimita 12, ukilazimisha kwa spana ndefu unaua bolti za habu. Pia rimu nyingi za alumini za Toyota zinakaa kwa nati yenye washa bapa na nati zako wewe ni za koni, koni kwenye tundu la washa inagusa kamstari tu. Mimi nisingefanya dada yangu. Na ukipata rimu ambayo tundu la kati ni kubwa mno, kama zile za 73, weka ringi ya senta ya kuziba ile nafasi kati ya tundu na habu, la sivyo ukifika spidi 90 gari linatetemeka na utabalansi mpaka uchoke.

SWALI: Mkuu, Land Cruiser yetu ya kazi, 79, tairi za nyuma hazifuati alama za mbele kwenye mchanga. Tumegonga ekseli? – Dereva wa watalii, Karatu

JIBU: Hamjagonga kitu. Kuanzia 2007 walitanua upande wa mbele ili injini ya V8 ikae, nyuma wakaacha palivyo, tofauti ni milimita 95. Kwa hiyo kwenye mchanga tairi la nyuma linachimba njia yake lenyewe. Dawa ya mtaani ni spesa (bamba la chuma linalowekwa kati ya habu na rimu) au rimu za nyuma zenye ET iliyoshuka milimita 47 au 48 kila upande, na ndoo ya maji niliyoisema juu inarudi pale pale, na nyinyi mnabeba watu saba na mizigo yao. Niliwahi kupokea pikapu ya mteja iliyofungwa spesa za bei poa, bolti mbili zimekatika na tatu zimevutika mpaka uzi umelala, na alikuwa ametoka kushusha watoto shule. Tangu siku hiyo spesa kwenye gari la abiria sifungi. Kama kampuni ina uwezo, wabadilishe ekseli ya nyuma kwa iliyotanuliwa. Kama haina, punguzeni upepo kwenye mchanga muiache hivyo hivyo.

SWALI: Tumetoa tairi 295/80 kwenye ekseli ya nyuma tukaweka 315/80R22.5, rimu zile zile za 8.25. Tukipakia, tairi mbili zinagusana matumbo. Tupunguze mzigo? – Tingo, Tunduma

JIBU: Kwenye lori ofuseti ndio inayotenganisha tairi pacha, maana rimu mbili zinakaa mgongo kwa mgongo, vitako vinagusana. Kwa hiyo nafasi kutoka katikati ya tairi moja hadi nyingine ni kama ET mara mbili. Tairi la 315 linataka rimu ya upana wa inchi 9.00, na nyingi za hizo ni ET175, zinakupa milimita 350. Kama zenu ni ET165 mna 330, na tairi lenyewe ni 315 kabla halijabonyea. Likishabonyea kwa mzigo, matumbo yanasuguana, yanachemka, na mpira ukichemka katikati hapo dereva haoni mpaka lipasuke.

Kupunguza mzigo hakutoshi. Rudisheni 295 leo, au tafuteni rimu za 9.00, na ziwe zote nne za ekseli hiyo, msichanganye mpya ndani na ya zamani nje. Na kabla hamjaondoka Tunduma pitisha mkono katikati ya hizo pacha zikiwa zimepoa, ukikuta mpira umekuwa laini na unang'aa kama umepakwa mafuta, tairi hilo limeshaumia, lisipande mlima na mzigo.