Lenzi ya zamani kwa picha za watu: kwa sensa ndogo, achana na 135

Mkuu, umeuliza uchukue lenzi ya mtumba ya milimita 85, 100 au 135 kwa picha za sura (namba ikikua, lenzi inavuta karibu zaidi), kamera yako ikiwa ile isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), yenye sensa ndogo, yaani kile kipande kinachopokea picha (APS-C). Mimi nipo Bagamoyo na nilianza na 135, nikajuta.

135 ziko tele na bei yake ni chini, ndiyo maana wengi tunaingia nazo. Ila sensa yako inazidisha mara 1.5, yaani ni kama unabeba 200. Siku moja nilikuwa Mji Mkongwe na bibi harusi mbele ya mlango wa nakshi. Narudi nyuma, narudi, hadi mgongo ukagota ukuta wa nyumba ya pili, na bado nimepata kichwa na mabega tu. Mlango aliouchagua mwenyewe haumo! 85 kwako inakuwa kama 127, na vichochoro vya huku inaviweza. Ungekuwa na sensa kubwa ningesema 100: Nikon Series E 100mm f/2.8 (f ni kipimo cha tundu la mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ina gramu 215 hivi, unaisahau shingoni.

Kwenye 85, Olympus Zuiko f/2 ni ndogo na nyepesi (gramu 260 hivi), ila wauzaji wanajua thamani yake. Mimi niliangukia Jupiter-9 ya Kirusi, f/2, iliyotokana na Sonnar, lenzi ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani. Ni nzito kidogo, lakini tundu lake lina vipande 15, kwa hiyo hata ukilibana linabaki duara, na taa za nyuma zinatoka mviringo. Kwa f/2 inalainisha ngozi. Kina mama ninaowapiga wanaipenda, mimi naibana hadi f/4 macho yakae sawa. Fokasi ni ya mkono, usitegemee watoto wanaokimbia.

Sasa fangasi. Hapo ndipo pesa inapopotea. Washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui, rudisha. Fundi anaweza kuzifuta, ila zikikaa sana zinakula rangi ya kinga ya kioo na alama haitoki. Yangu ya 135 niliinunua safi. Nikaiacha kwenye mkoba wake wa ngozi masika nzima, ngozi ikanywa unyevu wa bahari, basi, fangasi wakaingia. Siku hizi lenzi zinalala kwenye kopo la plastiki linalobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu.

Mafuta kwenye vipande vya tundu yasikutishe kwa Jupiter, tundu lake unalifunga mwenyewe kwa pete. Kwa Zuiko au Nikon, vipande vikisuasua, acha.

Ukishafunga adapta (pete ya kuunganisha lenzi ya zamani na kamera), ingia kwenye menyu uruhusu kamera kupiga bila lenzi, la sivyo utabonyeza hadi uchoke. Na kama ina kituliza mtikisiko ndani, iandikie namba ya lenzi, 85.

Ile 135 bado ninayo, na fangasi wake. Napigia ngalawa zikirudi.