Maswali na Majibu: Harambee Kubwa na Mshahara wa Fundi

SWALI: Mwalimu habari ya siku nyingi. Mimi ni mama wa Nyalenda hapa Kisumu, nauza omena Kibuye. Kijana wangu ni fundi wa mawe, alijengea mzee mmoja wa kanisa letu nyumba mpaka ikafika lenta, pesa hajaona mpaka leo, ni kesho kesho tu. Juzi tukawa na harambee ya mabati ya kanisa na huyo mzee ndiye alitoa kubwa kuliko wote, pasta akamwita mbele tukampigia makofi. Kijana akatoka nje na hajarudi tena kanisani. Anasema nabii Amosi aliandika Mungu anachukia sikukuu na nyimbo na sadaka, kwa hivyo kanisa ni bure. Kweli manabii walikataa ibada? Na hiyo sadaka imepokelewa?

JIBU: Pole sana mama. Nianze na kijana manake Amosi amemsoma vizuri, hayo maneno yako sura ya 5, Mungu anasema nazichukia sikukuu zenu, sadaka za kuteketezwa sizitaki, niondoleeni kelele za nyimbo. Lakini lazima tuangalie alikuwa anaambia nani. Amosi alikuwa mtu wa Tekoa, kule Yuda, mfugaji na mtunza mikuyu, karne ya 8 kabla ya Kristo akavuka mpaka akaenda Betheli, kwenye hekalu la ufalme wa kaskazini, yaani Israeli, wakati mfalme ni Yeroboamu wa pili na wakubwa wako na pesa mingi. Anataja nyumba zao za baridi na za kiangazi, na vitanda vya pembe za ndovu, na kweli wachimbaji wa mambo ya kale walikuja kupata vipande vya pembe za ndovu zilizochongwa huko Samaria, mji mkuu wao. Hapo sura ya 8 anataja wafanyabiashara wanaotamani Sabato iishe haraka wafungue duka, wapunguze efa, yaani gorogoro yao, alafu wauze hata makapi ya ngano. Wewe uko soko unajua gorogoro iliyobonyezwa chini inaibia mteja kiasi gani.

Mstari ambao mimi huwa siwezi kuupita haraka ni Amosi 2:8. Watu wamelala kando ya kila madhabahu juu ya nguo walizochukua rehani. Maskini wa wakati huo akikopa alikuwa anaweka vazi lake, na sheria ya Kutoka 22 inasema umrudishie kabla jua halijatua kwa sababu ndilo blanketi lake, atalala na nini? Sasa huyu tajiri yuko ibadani kabisa, madhabahuni, amejitandikia blanketi ya mtu ambaye usiku huo anatetemeka. Na mambo haya hayakuwa ya kuhubiriwa tu. Mwaka wa 1960 kule pwani ya Israeli, mahali panaitwa Mezad Hashavyahu, walichimbua kigae cha karne ya 7 kabla ya Kristo kimeandikwa wino, ni malalamiko ya mvunaji kwa mkuu wa hapo, kwamba amemaliza kuvuna na kuweka ghalani kama kawaida alafu mtu mmoja anaitwa Hoshavyahu mwana wa Shobai akaja akamchukulia vazi, na wenzake waliovuna naye juani watamshuhudia, anaomba tu arudishiwe. Mama, nikisoma hicho kigae namuona kijana wako.

Sasa je walikataa ibada? Mimi nasema hapana. Soma Isaya sura ya 1, Mungu amechoka na kondoo waume, uvumba, mwezi mpya na Sabato, lakini endelea mpaka mstari wa 15, anakataa hata maombi, mkiomba sana sitasikia. Kama hiyo inamaanisha sadaka ifutwe basi na maombi yafutwe, na hakuna anayesema hivyo. Sababu iko hapo hapo, mikono yenu imejaa damu, jiosheni, mtetee yatima na mjane. Isaya mwenyewe maono yake makubwa aliyapata hekaluni, Yeremia na Ezekieli walitoka familia za makuhani, Hagai mwaka wa 520 kabla ya Kristo ndiye alisukuma watu wajenge hekalu, na Malaki aligombeza wanaoleta wanyama vipofu na viwete madhabahuni. Kuna wasomi wa Ulaya karne ya 19 waliona manabii kama maadui wa makuhani, mimi hapo siwafuati.

Kuhusu sadaka ya mzee, nenda Malaki 3. Mstari wa 10, wa kuleta zaka ghalani, unasomwa karibu kila harambee na tunaujua kwa moyo, lakini panda juu mistari mitano tu, Mungu anasema atakuja haraka kuwa shahidi juu ya wachawi, wazinzi, waapao uongo, na wanaomwonea kibarua katika mshahara wake. Sura ni moja! Anayesomea watu mstari wa 10 na kuruka wa 5 amewanyima neno lenyewe, na pasta wenu nampa heshima yake lakini yale makofi yaliniuma. Tena kuna Yeremia 22, mfalme Yehoyakimu anajenga nyumba kubwa, mbao za mierezi, rangi nyekundu, na wafanyakazi hajalipa, nabii anamwambia ole wako, baba yako Yosia alikula na kunywa na akatetea maskini, je, huko siyo kunijua mimi? Na Kumbukumbu 24 inataka kibarua alipwe siku hiyo hiyo jua halijatua. Kwa hivyo jibu langu ni kwamba ile pesa ya mabati ilikuwa na mwenyewe kabla haijafika kwa meza ya harambee.

Kijana aandike siku alizofanya kazi na bei waliyokubaliana, atafute waliomshikia kazi, muende na wazee wawili kwa huyo mzee, alafu kwa pasta, ikishindikana afisi ya leba iko. Na mwambie arudi kanisani, manake Amosi hakubaki Tekoa akinung'unika, alienda Betheli kwenyewe akasema mbele ya kuhani Amazia mpaka akaambiwa arudi kwao.

SWALI: Niko Nakuru, tuko kwa mfungo kanisani. Msichana wa kazi anaamka saa kumi kunipikia na jioni ananingoja nitoke maombi usiku. Kuna shida?

JIBU: Iko dadangu. Isaya 58 inataja hii hii, mnafunga na siku hiyo hiyo mnawalemea wafanyakazi wenu. Mwaka wa 518 kabla ya Kristo watu walituma wajumbe kuuliza kama waendelee na mfungo wa mwezi wa tano, hayo yako Zekaria 7, na neno walilopewa ni watende haki, wasimwonee mjane, yatima, mgeni wala maskini. Endelea kufunga, lakini uji wa saa kumi jipikie, na jioni beba ufunguo wako yeye alale.