Jibu: Walatino hawaji kwenye usomaji wa kitabu kimoja mji mzima

Mambo dada, pole. Kama nimekuelewa, maktaba yenu huko Texas imechagua The House on Mango Street, riwaya ya Sandra Cisneros kuhusu binti wa Kilatino, mji mzima usome kwa ajili ya Mwezi wa Urithi wa Walatino huko Marekani, watu wanakuja ila Walatino wenyewe (wenye asili ya Amerika ya Kilatini), ambao ndo sherehe yao, hawaonekani. Mi nilijitolea kwenye programu kama hiyo miaka mitatu na tulikwama hapohapo.

Cheki kwanza nakala za Kihispania ziko ngapi. Sisi tulikua na boksi zima la Kiingereza na nakala nne tu za Kihispania, sa mama wa watu atasoma nini? Mwandishi wa Mexico Elena Poniatowska alishakitafsiri hicho kitabu kwa Kihispania, agizeni, mzazi asome chake na mtoto chake wakae meza moja. Sura zake fupifupi kweli, kwa hiyo someni moja kwa sauti hapohapo kwa lugha zote mbili, hata ambaye hajasoma nyumbani atachangia. Kwetu bibi mmoja alisoma ile sura ambayo binti anaongelea jina lake, akaanza kuelezea lake alipewa na nani na kwa nini hakulipenda, watu wakakaa mpaka taa zinaanza kuzimwa.

Alafu tarehe. Huo mwezi wao wa urithi unaanza 15 Septemba, siku ya uhuru wa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica, Mexico ni 16, sasa mkiweka kikao jioni hizo wenzenu wako kwenye sherehe zao. Kiwekeni wiki moja baadaye tu.

Upande wa watoto wa chekechea sijawahi kuushika, hapo subiri wengine wakujibu.