Siku moja Ravenna na watoto: chagua machache, tazama vizuri

Wageni wakitufikia hapa Bologna, Italia, mji wa kwanza wanaoutaja ni Firenze. Ni haki yao. Firenze ina hadhi yake, na treni ya mwendo kasi inakufikisha kule kwa kama dakika arobaini. Lakini ukiwa na watoto wadogo, au na mama mtu mzima ambaye magoti yanamsumbua, na siku yenyewe ni moja tu, mimi nitakushauri upande treni ya kawaida inayoelekea mashariki, uende Ravenna.

Siku moja haitoshi kuuona mji. Inatosha kuona vitu vitatu au vinne kwa utulivu, ukala, ukapumzika, ukarudi. Firenze inakuvuta huku na huku: foleni ya jumba la picha la Uffizi, foleni ya kanisa kuu, vyumba baada ya vyumba vya picha, na mtoto wa miaka sita anachoka kabla hujafika kwenye ile picha uliyoifuata. Ravenna ni tambarare, majengo yake ni madogo, na kutoka moja hadi jingine ni mwendo wa dakika chache. Zaidi ya hayo, sanaa yake haihitaji maelezo ili mtoto ashangae. Anaingia, anainua kichwa, anaona kuta zinametameta dhahabu na buluu. Kazi yako ni kumpa muda wa kutazama.

Nakshi hizo zimetengenezwa kwa vijiwe vidogo vya kioo na mawe, vimepachikwa kimoja kimoja kwenye chokaa mbichi, vingine vikiinamishwa kidogo ili mwanga ukivipiga kila kimoja kiurudishe kivyake. Ndiyo maana ukisogea hatua mbili ukuta mzima unabadilika. Zina umri wa karibu miaka 1500. Mwaka 402 kaisari Honorius aliyahamishia makao ya dola ya Kirumi ya Magharibi Ravenna, baadaye mji ukawa wa Theodoric, mfalme wa Wagothi, na mwaka 540 majeshi ya kaisari Justinian kutoka Konstantinopoli yakauteka. Kila aliyetawala alijenga na kupamba. Majengo manane ya karne ya 5 na ya 6 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996. Usijaribu kuyaona yote manane. Chagua manne, hata matatu.

Anza na tiketi za kuingilia kabla hujagusa tiketi za treni. Majengo ya dayosisi, yaani kanisa la San Vitale, kijumba cha Galla Placidia, kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, jengo la ubatizo la askofu Neon na jumba la makumbusho la askofu, yana tiketi ya pamoja. Kati ya hayo, Galla Placidia na jengo la ubatizo ni vijumba vidogo mno, kwa hiyo watu huingia kwa zamu na ni lazima uchague saa yako. Kata tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla. Ukishaipata saa ya Galla Placidia, mambo mengine yote yapange kuizunguka. Mimi huchukua zamu ya kabla ya chakula cha mchana, maana mtoto mwenye usingizi wa saa nane hawezi kufurahia chochote. Angalia pia bei ya watoto, kwa sababu wadogo hupewa nafuu.

Sasa treni. Kutoka Bologna Centrale unapanda treni ya mkoa, ile inayoandikwa Regionale, na safari huchukua kama saa moja na robo. Zipo zinazokwenda moja kwa moja na zipo zinazokutaka ubadilishe njiani. Ukiwa na kigari cha mtoto na mifuko, subiri ile ya moja kwa moja hata kama inaondoka nusu saa baadaye. Nauli ya treni hizi haipandi kwa sababu umechelewa kununua, na viti havina namba, kwa hiyo fika mapema upate viti vinne vinavyotazamana. Watoto chini ya miaka minne hawalipi, na wa miaka minne hadi kumi na mmoja hulipa nusu.

Jambo linalowatoza faini wageni wengi ni hili: tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima uigonge muhuri kwenye kile kimashine kilichopo kituoni kabla ya kupanda. Tiketi ya kwenye simu haihitaji muhuri, lakini inahitaji uithibitishe kwenye simu yenyewe kabla ya safari. Mkaguzi akikukuta hujafanya hivyo, kumweleza kwamba umelipa hakutakusaidia. Kila mmoja katika familia aiangalie tiketi yake, na mtu mmoja awaangalie wote.

Bologna Centrale ni kituo kikubwa na kinachosha. Kuna majukwaa ya kawaida, kuna mengine yaliyojitenga upande wa magharibi na wa mashariki, na treni za mwendo kasi ziko chini ya ardhi kabisa. Tazama ubao ulioandikwa Partenze (kuondoka), siyo Arrivi (kufika), tafuta namba ya treni yako, halafu usome safu ya Binario, ndiyo namba ya jukwaa. Kama pembeni ya namba pameandikwa Ovest (magharibi) au Est (mashariki), jipe dakika kumi za kutembea. Ukiwa na muda, waonyeshe watoto wakubwa ile saa ya ukutani iliyosimama kwenye saa nne na dakika ishirini na tano. Ni saa lilipolipuka bomu kituoni hapo tarehe 2 Agosti 1980, likaua watu 85. Wanangu huuliza maswali kuhusu saa ile hadi leo, nami sioni sababu ya kuwaficha.

Kabla ya kuchagua siku, angalia kama kuna mgomo. Italia migomo ya treni hutangazwa mapema, neno la kutafuta ni sciopero. Siku za kazi huwa kuna saa za kulindwa, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Jumapili ulinzi huo haupo kwa treni za mkoa, kwa hiyo mgomo ukiangukia Jumapili ahirisha safari bila kujiuliza. Na mkipanga saa na mgeni kutoka nyumbani, mtajieni ile iliyoandikwa kwenye tiketi. 08:00 ya tiketi ni saa mbili yetu, na shangazi aliyeambiwa "saa nane" atakuja amejipamba vizuri wakati treni imeshaondoka zamani.

Ukishuka Ravenna huna haja ya basi wala teksi. Toka kituoni, nyoosha moja kwa moja na Viale Farini, na ukifika Via di Roma pinda kushoto. Muda si mrefu utaona mnara wa duara wa matofali: hapo ndipo Sant'Apollinare Nuovo. Anzia hapa. Theodoric ndiye aliyelijenga kanisa hili, na kuta zake mbili ndefu zimejaa misafara ya watu, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na kati ya mtu na mtu umesimama mtende. Kwa mtu wa pwani hilo linagusa moyo. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Tanga alikaa kwenye benchi akaihesabu mitende hiyo taratibu, na hakutaka aharakishwe.

Watoto wape kazi ya kutafuta. Hiyo ndiyo mbinu yangu kubwa, na haijawahi kuniangusha. Mbele ya msafara wa wanawake wako Mamajusi watatu wenye kofia nyekundu na suruali za maua. Mwambie mwanao awakariri, kwa sababu atakutana nao tena. Kisha nendeni kwenye picha ya jumba la kifalme la Theodoric. Kati ya nguzo kuna mapazia, lakini zamani palikuwa na watu. Mji ulipobadilisha watawala, watu wale waliondolewa ukutani, mapazia yakawekwa mahali pao. Waliofanya kazi hiyo waliacha mikono. Ukitazama nguzo vizuri utaona mkono hapa, vidole pale, vya watu ambao hawapo tena. Hakuna mtoto niliyempeleka pale akakubali kuondoka kabla hajaiona mikono yote. Beba darubini ndogo, hata ya kuchezea, kwa sababu picha ziko juu.

San Vitale na Galla Placidia ziko ndani ya uwanja mmoja, upande wa pili wa mji, mwendo wa robo saa kwa hatua za mtoto. Galla Placidia kwa nje ni kijumba cha matofali ambacho ungekipita bila kukitazama. Ndani mna giza. Tulieni dakika moja macho yazoee, maana madirisha hayana kioo, yana vipande vyembamba vya jiwe la alabasta vinavyopitisha mwanga wa rangi ya asali. Kisha dari inajitokeza, buluu nzito, imejaa nyota za dhahabu. Kuna njiwa wanaokunywa maji kwenye bakuli na kuna kulungu kwenye kijito. Muda wenu ndani ni wa dakika chache tu, basi weka simu mfukoni. Picha za simu hazitoi buluu ile, na utatoka umeona kioo cha simu tu.

San Vitale iliwekwa wakfu mwaka 547. Ina pembe nane, na ukiingia hujui uangalie wapi kwanza. Nenda karibu na altare: kushoto yupo Justinian na watu wake, kulia yupo malkia Theodora na wanawake wake, wanatazamana. Mwambie mtoto aangalie pindo la chini la vazi la Theodora. Mamajusi wale watatu wapo pale, wametariziwa kwenye nguo! Wangu alipiga kelele ya furaha, na mlinzi akatabasamu. Watoto wakichoka kuinua shingo, waonyeshe sakafu: mbele ya altare kuna njia ya kuzungukazunguka iliyochorwa kwa marumaru, na wanaruhusiwa kuifuata kwa miguu.

Haya ni makanisa na mengine bado yanatumika kwa ibada, kwa hiyo funika mabega na magoti. Mtandio au kanga kwenye mkoba inatatua shida yoyote. Sisi ni Waislamu, na ushungi haujawahi kutuletea usumbufu mlangoni. Ravenna ina msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2013, lakini uko nje ya mji, eneo la viwanda, haufikiki kirahisi kwa miguu.

Chakula cha hapa ni piadina, mkate mwembamba kama chapati unaojazwa jibini laini ya squacquerone na majani ya rucola. Unashibisha na hauna gharama kubwa. Ila jueni kwamba unga wake kwa mapishi ya asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Kuondoa nyama ndani hakutoshi; uliza kama wana "piadina all'olio", iliyokandwa kwa mafuta ya zeituni, na sehemu nyingi wanayo. Anayetaka uhakika zaidi abebe chakula chake. Sisi hubeba maandazi na mayai ya kuchemsha, tunakaa kwenye benchi, na hakuna anayetuuliza.

Baada ya chakula weka kitu kimoja tu, tena chepesi. Kwetu ni kanisa la San Francesco. Chini ya altare kuna chumba cha chini ya ardhi kilichojaa maji, na chini ya maji hayo kuna sakafu ya nakshi za kale, na juu yake wanaogelea samaki wadogo. Unatia sarafu kwenye kimashine, taa inawaka. Pembeni kabisa ni kaburi la Dante, mshairi mkuu wa Waitalia, aliyefia hapa mwaka 1321 akiwa amefukuzwa kwao Firenze. Kuingia ni bure. Firenze walimtaka arudishwe, watawa wakaificha mifupa yake, ikaja kuonekana tena mwaka 1865. Watoto wakubwa wanaipenda sana habari hiyo.

Wanaofikia Venezia badala ya Bologna wanaweza kufanya siku kama hii Padova, chini ya nusu saa kwa treni. Kule kuna kikanisa cha Scrovegni alichokichora Giotto, mnaruhusiwa kukaa ndani kama robo saa, na bila kuweka nafasi mapema hamuingii.

Kwa safari ya kurudi, chagua treni ambayo siyo ya mwisho. Angalau pawe na nyingine mbili nyuma yake, ili ya kwanza ikifutwa usibaki kituoni na mtoto aliyelala begani. Rudini kituoni nusu saa kabla, muende chooni, mnunue maji. Kwenye ubao, Ritardo ni kuchelewa na Cancellato ni kufutwa. Hati zenu ziwe mfukoni siku nzima, kwa sababu mgeni asiye wa Ulaya anatakiwa kutembea nazo. Na kama tiketi ya kurudi ni ya karatasi, nayo inataka muhuri wake. Kugonga ile ya asubuhi hakuihusu ya jioni.