Mtoto wa miaka 8 kukimbizwa raundi za uwanja: jibu kwa baba wa Kampemba, Lubumbashi

Papa, umeuliza kama ni sawa kocha wa mwanao wa miaka 8 kuwakimbiza raundi kumi, kisha kuwapanga 11 kwa 11, mtoto akarudi nyumbani mpira kaugusa mara mbili. Si sawa. Najua kwa sababu nami nilifanya hivyohivyo.

Nilianza kufundisha watoto Katuba, hapa Lubumbashi, mwaka 2011, timu yetu ya Mazembe ikiwa imetoka kucheza fainali ya klabu za dunia na Inter Milan. Kila aliyefunga alikaa chini akarukaruka kwa makalio kama Kidiaba, kipa wa Mazembe, vumbi jekundu likipanda. Mimi nilitaka vikombe. Kulikuwa na mmoja wa miaka 9, pande la mtoto, nikamweka beki wa kati, kazi yake kubutua. Tulishinda sana! Alipofika 14 wenzake wakamfikia kimo. Pasi ikimjia, inamgonga ugoko na kumtoka mita tatu. Mguu wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Akaacha mpira. Kosa langu, si lake.

Siku hizi wa miaka 6 hadi 8 kila mmoja ana mpira wake, hata wa mifuko na kamba. Napanga kandambili kuwa mipaka. Kila mtoto anaulinda wake huku akiutoa nje wa mwenzake. Wanakimbia kuliko hizo raundi kumi na hawajui. Mechi ni 4 kwa 4, bila kipa. Wote wataukimbilia mpira kama kuku kwenye mahindi, waache.

Miaka 9 hadi 12 ndipo nakaza: miguu yote miwili, kutuliza, kuangalia kabla ya pasi, kumchenga mtu mmoja. Namba za kudumu na mbinu za timu nzima, 13 kwenda juu.

Mpira namba 5 una gramu 410 hadi 450, ni mzito kwa wa miaka 8. Tafuta namba 3, ukiikosa, chukua namba 4. Na vichwa hapana: shirikisho la soka la Marekani lilivikataza mwaka 2015 kwa wa miaka 10 na chini.

Ongea na kocha, ila si mbele ya watoto. Kwangu alikuja mama mmoja na mipira mitatu midogo ndani ya kitenge. "Kocha, hii ni ya hawa wadogo." Akaiweka chini, akaenda zake sokoni.