Maswali ya Wasomaji: Diski C Imejaa, D Ni Tupu

SWALI: Nilinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye diski ya gigabaiti 500. Fundi aliyeniwekea Windows aliigawa diski hiyo mara mbili: C ikapewa gigabaiti 80 na D ikapewa zilizobaki. Sasa C imebakiwa na nafasi ya gigabaiti 2 tu na imegeuka nyekundu, ilhali D karibu ni tupu. Niliipunguza D kwa gigabaiti 100 ili niziongeze kwenye C, lakini amri ya kupanua imefifia na haibofyeki. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hukukosea hesabu, ndugu msomaji; kilichokukwamisha ni mpangilio. Sehemu za diski, ambazo mafundi huziita patisheni, hukaa mfululizo kama mashamba yaliyopakana, na chombo cha Windows cha kusimamia diski huweza kuipanua C iwapo tu nafasi huru imepakana nayo upande wa kulia. Ulipoipunguza D, Windows ilikata kipande cha mwisho wake, si cha mwanzo. Kwa hiyo gigabaiti zako 100 ziko ng'ambo ya D, na C haiwezi kuiruka D ili kuzifikia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike diskmgmt.msc, nawe utauona mpangilio huo umechorwa kwa visanduku kutoka kushoto kwenda kulia, nafasi uliyoikata ikiwa na mstari mweusi juu yake.

Ziko njia mbili za kuifikishia C nafasi hiyo. Unaweza kunakili kila kilichomo D kwenye diski ya nje, ukaifuta D yote, ukaipanua C, kisha ukaiunda D upya kwa nafasi inayobaki. Au unaweza kutumia programu ya kampuni nyingine yenye uwezo wa kuusogeza mwanzo wa D kuelekea kulia. Kwa kuwa D yako karibu ni tupu, mimi ningechagua ya kwanza. Hiyo ya pili inaweza kulazimika kuzihamisha data zilizomo, kazi ambayo huenda ikachukua saa kadhaa, na kompyuta ya mezani haina betri: umeme ukikatika katikati, unaweza kupoteza faili zote za D. Njia yoyote utakayoichagua, tazama kwanza kama kati ya C na D kuna kipande kidogo cha megabaiti mia kadhaa. Hicho huwa ni patisheni ya uokoaji, ambayo Windows huitegemea inaposhindwa kuwaka, na mara nyingi matoleo ya karibuni huiweka mara tu baada ya C. Kikiwapo, kuifuta D peke yake hakutaiondoa ile amri katika kufifia kwake.

Lakini kabla ya kufuta chochote, tujiulize ni nini kilichoijaza C. Gigabaiti 80 zinaitosha Windows pamoja na programu za kawaida za ofisini. Kinachozimaliza, mara nyingi, ni mizigo yetu wenyewe, kwa sababu folda za nyaraka, picha, video, vitu vilivyopakuliwa na hata vile tunavyovitupia kwenye uso wa kompyuta zote huishi C mpaka mwenye kompyuta aamue vingine. Zihamishie D. Tengeneza kwanza folda ndani ya D, kila moja na jina lake. Kisha bofya folda ya zamani kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, nenda kwenye kichupo cha mahali ilipo, uielekeze kwenye folda mpya. Nasisitiza hilo la kutengeneza folda kwanza, kwani nimeona watu wakiielekeza folda ya nyaraka kwenye D yenyewe, na tangu hapo Windows ikaihesabu D nzima kuwa ndiyo folda ya nyaraka. Kulirekebisha kosa hilo kunachosha.

Ipo pia faili iliyofichwa iitwayo hiberfil.sys, ambamo Windows hutunza yaliyomo kwenye kumbukumbu kompyuta inapolazwa usingizi mzito (hibernate). Huchukua gigabaiti kadhaa kulingana na ukubwa wa kumbukumbu hiyo, yaani RAM. Ikiwa huutumii usingizi huo, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike powercfg /h off, nayo itaondoka. Kompyuta itachelewa kidogo kuwaka, basi. Folda ya WinSxS, ambamo Windows huweka vipande vyake yenyewe, usiiguse kwa mkono, hata kama ukubwa wake unakushawishi, kwa sababu Windows inaihitaji ili iendelee kufanya kazi na kujisasisha.

Ukishafanya hayo, huenda usihitaji tena kuipanua C. Katika hali hiyo zile gigabaiti 100 zirudishe D: zimepakana nayo upande wa kulia, na amri iliyofifia kwa C utaikuta hai kwa D.

SWALI: Nimenunua diski mpya ya nje iliyoandikwa terabaiti 1, lakini kompyuta yangu inaonyesha gigabaiti 931. Muuzaji anasema ni kawaida. Je, nimepunjwa?

JIBU: Muuzaji amesema kweli. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, hivyo terabaiti 1 kwake ni baiti 1,000,000,000,000. Windows huhesabu kwa 1,024 katika kila ngazi, na baiti hizo hizo zikigawanywa hivyo hutoa 931. Kwa hesabu hiyo, diski ya gigabaiti 500 huonekana kuwa na 465.

SWALI: Picha zote za familia ziko C, na nimeweka nakala zake D. Je, ziko salama?

JIBU: Zina usalama wa nusu. Windows ikiharibika na ikalazimu C ifutwe, nakala za D zitabaki, mradi anayefuta asikosee patisheni. Lakini C na D yako, ikiwa kompyuta ina diski moja tu, ni majina mawili ya kifaa kimoja. Kikifa, au kompyuta ikiibiwa, vyote viwili vinaondoka kwa pamoja. Weka nakala ya tatu kwenye diski ya nje, na uihifadhi mbali na kompyuta badala ya kuiacha imechomekwa siku zote. Na ukisikia diski yako inatoa mlio wa kugongagonga, usijaribu kuigawa upya wala kuisafisha: nakili picha zile usizoweza kuzipata kwingine, kwanza hizo, kisha uizime.